Koti la Breki

Dada yangu ni dobi. Nalisema mapema kwa sababu wapo watu wanaodhani udobi ni kazi ya mtu aliyekosa kazi, na mimi nikiwasikia damu inanichemka. Alianza katika chumba cha kufulia cha hoteli, kule chini kusikofika upepo, akiwa msichana anayeona haya kushika nguo za ndani za watu asiowajua. Alipofiwa na mumewe, mtoto bado yuko mgongoni, aliacha hoteli akaileta kazi nyumbani. Mabeseni yakapangwa uani, kamba zikafungwa nguzo hadi nguzo, na meza ya kupigia pasi ikawekwa sebuleni pale ambapo wenzake huweka televisheni. Ncha za vidole vyake zimechujuka siku nyingi. Anajua nani mtaani kahamia chumba cha pili, nani kaanza kunywa na nani anaficha ugonjwa, maana nguo haijui kusema uongo, lakini umpige umkanyage hakwambii. Nimejaribu. Mimi ni msusi, saluni yangu inakwenda kwa mafuta ya nywele na umbea, na dada huyu wa tumbo moja hajawahi kunipa hata tone.

Sheria yake ni moja tu: nguo ya mtu ni amana. Haitoki mikononi mwake ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia. Nimeshamwona akifumua pindo zima la gauni na kulishona upya kwa sababu ya doa ambalo mwenyewe wala hakuwa amelijua.

Ana mtoto mmoja. Jina alilopewa tumelisahau karibu sote, mtaa mzima unamwita Breki, kwa sababu hana. Alitembea kabla ya kutambaa vizuri, akapanda mapaa, na alipokua hakuona kazi nyingine duniani ila pikipiki ya abiria. Dada alikataa, akabembelezwa, akakataa tena, mwisho akazunguka kwenye mitumba mpaka akapata koti la ngozi, jeusi, zito, la mtu aliyekuwa na mabega mapana. Akamvalisha mwenyewe na kumwambia, "Ukilivua barabarani, usirudi kwangu." Kwa Dada hayo ndiyo mapenzi.

Siku ya ajali mvua ilikuwa inanyesha. Lori liliingia njia panda bila kuangalia, Breki akateleza na pikipiki, akaburuzwa kwenye lami mpaka kwenye ukingo. Mguu ukavunjika pawili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wa kwetu alilivunja kweli, ila methali hiyo Dada hakutaka mtu aitamke mbele yake. Wengine walikuja na ya kwao. Kila aliyefika hospitali alikaa pembeni ya kitanda, akashusha pumzi na kusema ajali haina kinga. Dada aliitikia ndiyo, ahsante, karibuni. Siku ya kutoka alikabidhiwa nguo za mwanawe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Suruali ilikuwa imekatwa kwa mkasi, akaitupa. Koti akalirudisha kwenye mfuko, akausukuma chini ya kitanda, na mtu yule asiyeweza kulala nyumba moja na leso chafu hakuufungua tena.

Miezi ikapita. Mguu ukaunga, Breki akaanza kutembea, anachechemea kidogo lakini anatembea. Mimi nikamtafutia nafasi kwa seremala, mtu mzuri, karakana kavu, hakuna lori linaloingia humo. Breki akasema sawa, Mama mdogo, ahsante. Mimi mjinga nikaamini. Kumbe kila alipoaga kwenda kwa seremala alikuwa anapitia kwa fundi pikipiki.

Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa kwa Dada nakunywa chai, yeye anapiga pasi, Breki akaingia chumbani akatoka na ule mfuko wa nailoni. Akauweka mezani, kando ya mashati ya watu.

"Mama, nisafishie. Jumatatu narudi barabarani."

Pasi ikasimama. Dada hakumtazama mwanawe, hakuutazama mfuko, na mimi ndiye niliyenusa kwanza kwamba kitu kinaungua. Ilikuwa kola ya shati jeupe. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona akiunguza kola. Akainua pasi, akaichomoa, akaenda uani. Breki akangoja kidogo, kisha naye akatoka kwa mlango wa mbele. Kuanzia hapo hawakusemezana ila "chakula kipo" na "nimeshiba".

Jumamosi asubuhi nilifunga saluni nikaja mapema, kwa sababu usingizi ulikuwa umenikataa kwa hasira. Nilimkuta Dada uani, ule mfuko uko miguuni kwake. Tukaufungua pamoja. Harufu iliyotoka humo sitaki kuieleza. Koti lilikuwa limeota kuvu mabegani, tope limegandia mgongoni, na ndani ya kola, kwenye bitana, damu ya kidevu chake ilikuwa imekauka ikawa nyeusi.

Nikamwambia, "Loweka."

Alinitazama. Alijua nasema nini, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Ngozi ukiitumbukiza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, halafu ukaianika kwenye jua kali, mafuta yake yote yanatoka. Inajikunja, inakakamaa inakuwa ubao, na siku ukikunja mkono inapasuka. Hakuna fundi wa kuirudisha. Nikamwambia tena, safari hii kwa kirefu: loweka, anika, mwambie ulitaka damu itoke. Nani atamlaumu mama kwa kufua? Akikosa koti atapata woga kidogo, na woga kidogo ndio anaouhitaji. Nilimaanisha kila neno, na siombi radhi kwa mtu.

Dada akaingia ndani. Alibandika sufuria kubwa jikoni.

Jua lilikuwa limeshapanda, lile la kukausha shuka ukigeuka tu. Maji yakachemka. Akayamimina kwenye beseni kubwa, akatia sabuni ya unga, akakoroga kwa mkono wake usiosikia tena moto, na mvuke ukapanda. Mimi nikakaa kimya, jambo ambalo wanaonijua wangekwambia si kawaida yangu. Kulikuwa na majirani waliokwisha kumshauri kwamba mtoto akililia wembe mpe. Yeye aliwajibu kwamba aliyesema hivyo hakuwahi kufua damu. Kwa hiyo nilijua yuko upande wangu, nilijua kabisa.

Akapekua mifuko kwanza, maana dobi hafui bila kupekua. Kwenye mfuko wa kushoto akatoa changarawe. Vijiwe vya barabarani, vimeingia wakati anaburuzwa. Akavishika kiganjani, akavitazama muda mrefu, akaviweka juu ya ukuta mmoja mmoja. Kisha akalishika koti kwa mabega, akalinyanyua juu ya beseni.

Ndipo tukasikia mlio wa pikipiki.

Breki aliingia nayo mpaka kwenye lango la uani. Ilikuwa imepigwa rangi upya, taa mpya, inang'aa, nikaichukia. Yeye alikuwa na shati la mikono mifupi. Mikono yote miwili wazi, kuanzia juu ya kiwiko mpaka kwenye vidole, na upepo umelijaza shati mgongoni. Akaanza kusema kwamba fundi kamaliza, anaijaribu tu hapa mtaani. Halafu akaona mvuke.

Mtoto huyo alikulia kati ya mabeseni hayo. Alilala kwenye kapu la nguo safi kabla hajajua kitanda. Huwezi kumdanganya kuhusu maji ya moto na ngozi.

"Mama, hayo maji ni ya koti?"

Koti lilikuwa linaning'inia mikononi mwa Dada, pindo linakaribia povu.

"Basi loweka," Breki akasema. "Jumatatu nakwenda. Na koti, au hivi hivi nilivyo."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Breki akibishana hupiga kelele, akipiga kelele ujue atakubali. Alipogeuza pikipiki niliviona vizuri viwiko vyake, vikavu, vyembamba, vimechongoka kama vya marehemu baba yake. Akaondoka. Tukausikiliza ule mlio mpaka ukakata kona.

Dada alibaki amesimama. Mimi nikasogea nimpokee koti, akanikwepa. Akakaa kwenye kiti chake kifupi, akalilaza koti mapajani, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa kushoto wa koti mpaka kwenye kiwiko. Pale ngozi ilikuwa imesagika. Lami ilikuwa imeila, imeila, mpaka ukaona uzi wa bitana. Lakini bitana yenyewe ilikuwa nzima.

"Mkono wake huu haukuwa na hata mchubuko," alisema. "Nilimwogesha mimi hospitali, najua. Mguu ndio ulikuwa na suruali ya kitambaa."

Akauchomoa mkono.

"Walikuja wote kuniambia ajali haina kinga. Hii ni nini?"

Nilimjibu, kwa sababu mimi nisipojibu naumwa. Nilimwambia hiyo ndiyo sababu ya kutomrudishia, akilivaa atajiona chuma, atapita mbele ya malori akipiga honi. Dada alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema nikimaliza nimsaidie kubeba beseni. Yale maji yalikwenda kulowekea mashuka ya mwalimu mkuu, na sijui kama mwalimu mkuu amewahi kulala kwenye mashuka meupe vile.

Nilikasirika, sifichi. Lakini sikuondoka, kwa sababu kumtazama Dada akifanya kazi ni kitu ambacho hata hasira inakipisha njia. Alilitundika koti kwenye hanga nene la mbao, akaniomba brashi yangu laini, ile ninayofagilia nywele shingoni mwa wateja, akaanza na kuvu, akipeleka upande wa nje ili vumbi lake lisimwingie puani. Akachanganya siki kidogo na maji, akachovya kitambaa, akakikamua mpaka hakidondoki, akapangusa mabega. Tope akaling'oa likiwa kavu. Kisha povu la sabuni ya mche, povu tu, si maji, kwenye sponji. Akajaribu kwanza chini ya kola mahali pasipoonekana, akangoja kuona kama rangi inatoka. Haikutoka. Akaendelea, kipande kwa kipande, anapaka, anapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, anakausha kwa kingine, hasugui, hana haraka. Kila dakika mbili tatu nilimsikia akishusha pumzi, na kila pikipiki iliyopita barabarani ilimsimamisha mkono.

Bitana aliiacha mwisho. Akaigeuza kola, akaagiza maji ya baridi, maana damu haitaki moto, moto unaipika ikang'ang'ania. Akafinyangafinyanga kwa ncha za vidole, anabadilisha maji, anarudia. Miaka yote hiyo amefua damu za watu, za uzazi, za ugomvi, za pua za watoto, na hajawahi kuuliza ni ya nani. Hii alijua ni ya nani. Hapo ndipo alipolia. Alilia huku mikono inaendelea, na mimi nikamfuta uso kwa upande wa kanga yangu ili machozi yasidondoke kwenye ngozi, kwa sababu machozi yana chumvi, na chumvi, alinikumbusha mwenyewe katikati ya kwikwi, inaacha alama.

Koti likaanikwa kwenye ujia, kivulini, penye upepo, mbali na jua na mbali na jiko, zipu wazi, mikono imejazwa magazeti isinywee. Breki alirudi, akapita kando yake, akaona. Alikula, akashiba, akalala.

Jumapili mchana Dada alirudi na kikopo cha mafuta ya ngozi kutoka kwa fundi viatu, pamoja na sindano nene na uzi uliopakwa nta. Akapaka mafuta kwa kitambaa, kidogo kidogo, akisukumia kwa kidole gumba kwenye mishono, akaacha yanywewe, akapangusa yaliyobaki. Ngozi ikaanza kurudi. Ukiibana ilikuwa inakunjika bila kulalamika. Ila kiwiko kilibaki vile vile, kimekonda, ukikiinua kwenye mwanga unaona mwanga.

"Mafuta hayaoteshi ngozi," akasema. Halafu akanigeukia. "Mkoba wako mweusi uko wapi?"

Sasa, mkoba huo. Ngozi tupu, ndani na nje, niliununua kwa jasho langu baada ya saluni kusimama, na harusi niliyokwenda bila mkoba huo haipo. Wapo wanaonitambua kwa mkoba kabla ya sura. Nilimwambia Dada maneno mengi. Nilimwambia nenda kanunue kipande, akasema leo Jumapili, maduka yote ya ngozi yamefungwa, fundi viatu hana kipande, na kesho alfajiri mtoto anaondoka. Nikamwambia kwa hiyo unataka mimi nichangie safari yake ya kwenda kufa. Lilinitoka, na likishatoka halirudi. Dada aliinamia kiwiko. Nikaondoka, nikabamiza lango.

Nyumbani niliuweka mkoba mapajani. Nikakaa. Nikamkumbuka Breki akinishika shingo utotoni nikimnyoa, anauliza kama nywele zinaumwa. Nikatoa kitana, pochi, leso, nikavimwaga kitandani, nikarudi na mkoba mtupu.

"Kata upande wa nyuma," nikamwambia Dada. "Wa mbele una zipu nzuri."

Akaubana upande wa nyuma, akaubana wa mbele, akasema wa mbele ni mnene zaidi. Akakata wa mbele. Hakuniomba msamaha na mimi sikumwomba, tuko hivyo. Akashona alasiri nzima, mishono miwili miwili, kipande juu ya kiwiko cha kushoto, na kilichosalia akakiweka juu ya cha kulia ingawa hakikuwa na shida.

Jioni Breki aliingia amejiandaa kwa vita, niliona taya lake. Koti lilikuwa mgongoni mwa kiti.

"Vaa," Dada akamwambia.

Akavaa. Dada akamfunga zipu mpaka kidevuni, akainama kuvuta pindo, akazunguka nyuma, akapapasa mabega. Akamwambia akunje mkono, anyooshe, akunje tena. Ngozi haikutoa sauti. Breki alitazama kiwiko, akanitazama mimi, akautazama mkoba uliokatwa mezani, na macho yake yakajaa.

"Mama, umenisamehe?"

"Bado," Dada akasema. "Kunja na huu mwingine."

Jumatatu aliondoka jua halijakolea. Dada alisimama langoni mpaka mlio ukapotea, kisha akaenda kwenye mabeseni yake. Mimi nikaenda saluni nikasuka vibaya. Saa sita mvua ikaanza kunyesha, ile ile ya kumwaga, na mteja wangu akiwa nusu kichwa nikamwambia aje kesho. Nilimkuta Dada anapiga pasi shati moja. Alilipiga, akalikunja, akalikunjua, akalipiga tena. Simu ya Breki haikuwa inapatikana. Nilitaka kumwambia kwamba mvua inaharibu simu, lakini nilijua anajua, na nilijua pia kwamba mvua inaharibu mengine. Kila lori lilipopita nilichungulia dirishani. Mvua ikakatika, giza likaanza kujongea, yeye akiwa bado na shati lile lile.

Alipokuja alikuja taratibu sana, mlio mdogo, mpaka tukadhani ni wa mtu mwingine. Akaingia ameloa, anacheka kidogo, akasema, "Shikamoo Mama, shikamoo Mama mdogo."

Dada hakuitikia. Alimshika mkono wa kushoto, akaupeleka kwenye taa. Kwenye kile kipande cha mkoba wangu, katikati kabisa ya kiwiko, palikuwa na mkwaruzo mweupe, mpya, mrefu kama kidole.

"Niligusa ukuta tu, Mama," Breki akasema. "Kwenye kona. Sikuanguka."

Dada alifungua zipu polepole, akamvua koti kama mtu anavyomvua mtoto aliyelala, akalitundika kwenye hanga nene. Akapangusa maji kwa kitambaa kikavu kuanzia mabegani kushuka chini. Akakichukua kikopo cha mafuta, akakifungua, akakiweka mezani bila kuyagusa mafuta.

"Marahaba," akasema mwishowe. Kisha akanigeukia mimi.

"Ule mkoba," akasema, "uliobaki, usiutupe."